Sitara ya Mwosha na Jina Juu ya Jiwe

Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Methali hii ni fupi, lakini imebeba sheria nzima ya maadili. Mtu akifa, mwili wake hauwezi tena kujisitiri. Macho yake hayamwoni amtazamaye, mkono wake hauwezi kuvuta nguo, wala ulimi wake hauwezi kumkemea mpekuzi. Ndipo jamaa wanapomteua mwosha na kumkabidhi maiti pamoja na siri zake zote. Mwosha huona kovu, kidonda, kilema na alama ya maradhi. Huona yale ambayo pengine mke hakuyaona na mama alikwisha kuyasahau. Akitoka nyuma ya pazia hasemi alilolikuta. Ulimi wake ukiteleza, amevunja amana ambayo mwenyewe hayupo kuidai, na hiyo ndiyo amana iliyo nzito kuliko zote.

Kanuni ya sitara ni njema. Hata hivyo, miaka ya mwisho ya karne ya 20 ilileta maradhi yaliyoitia kanuni hii katika mtihani mkubwa. Tarehe 5 Juni, 1981, ilitangazwa nchini Marekani taarifa fupi ya kitabibu juu ya vijana watano wa Los Angeles walioshikwa na ugonjwa wa mapafu usiotazamiwa kwa watu wa umri wao. Huo ulikuwa mwanzo wa habari za ukimwi kuandikwa. Tangu siku hiyo maradhi hayo yamekwisha kuua watu zaidi ya milioni 40 duniani. Mauti yenyewe si mageni kwa binadamu. Tauni na ndui ziliua umati kabla yake. Ugeni wa ukimwi ulikuwa katika aibu. Mgonjwa wa ndui alihurumiwa. Mgonjwa wa ukimwi aliulizwa aliupata wapi. Kwa hiyo kila aliyekufa aliacha nyuma yake swali ambalo jamaa zake walilazimika kulijibu au kulikwepa: Je, kumtaja marehemu kwa maradhi yaliyomwua ni kumtukuza au ni kumfedhehesha?

Swali hili halikuulizwa na wenye hekima peke yao. Liliulizwa pia na watu wenye majembe mikononi. Katika mji wa San Francisco, ambao ulipigwa na ukimwi mapema na kwa ukali, wakazi wachache walikusanyika mwaka 1988 wakatafuta mahali pa kuomboleza. Walikuwa wamechoka kwenda maziko, na kila maziko yaliwarudisha katika nyumba iliyopungua mtu. Walichagua kijibonde kiitwacho de Laveaga Dell, ndani ya bustani kubwa ya mji ijulikanayo kwa jina la Golden Gate Park. Bonde hilo lilikuwa limeachwa; miiba na magugu yalikuwa yamelifunika. Mwezi Septemba, 1991, kazi ikaanza. Watu walifyeka, wakachimba, wakapanda miti na maua. Mwaka 1996 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria ya kuifanya bustani hiyo kuwa ukumbusho wa taifa zima, na Rais Bill Clinton aliitia sahihi. Katikati yake pana uwanja wa mviringo uliotandikwa mawe, nao huitwa Duara la Marafiki. Juu ya mawe hayo yamechongwa majina ya watu.

Yafaa ikumbukwe kwamba mji huo ulikuwa na desturi ya kuwaweka wafu mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ilipokuwa ghali, wakuu wa mji walipiga marufuku maziko mapya, na baadaye wakaamuru makaburi ya zamani yahamishwe. Mifupa ya maelfu ya watu ilichukuliwa kwenda Colma, mji mdogo ulio kusini. Mawe mengi ya makaburi ambayo hayakupata wa kuyadai yalivunjwa yakatumika kujengea. Mengine yaliwekwa katika mifereji ya maji ya bustani. Mji uliokwisha kuwahamisha wafu wake ukaja, baada ya miaka 80 hivi, kuwatengea wafu wengine bonde zima. Hakuna mwili uliozikwa katika bonde hilo. Kilichorudishwa mjini ni jina.

Sasa yafaa kwanza kumsikiliza anayepinga, tena asikilizwe kwa insafu, maana hoja yake si ya kijinga. Yeye husema hivi: Jina la mtu si mali yake peke yake. Ameshirikiana nalo na baba yake na wanawe. Likichafuka, wote huchafuka. Aliye hai anaweza kujitetea, lakini marehemu hawezi. Nani alimwuliza kama angependa kukumbukwa kwa ugonjwa? Huenda alikuwa seremala hodari, au mwalimu aliyefundisha vizazi viwili, au mama aliyelea watoto saba. Miaka 40 ya wema wake inafichwa nyuma ya miaka miwili ya kitanda. Hakuna ajengaye ukumbusho wa waliokufa kwa homa ya matumbo na kuandika majina yao juu yake. Mbona basi ukimwi? Afadhali aachwe na mwosha wake, na pazia lishushwe.

Katika hoja hii mna kweli mbili ambazo hazipingiki. Ya kwanza, ni dhuluma kumfupisha mtu mpaka abaki maradhi yake. Ya pili, ruhusa ya kufunua siri ni ya mwenye siri. Mfano bora wa kweli hii ya pili ulitokea Uganda. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao akatangaza hadharani kwamba alikuwa na ukimwi. Alizunguka katika mashule na makanisa akiwaonya vijana, na mwezi Desemba mwaka ule ule akafa. Watu wengine mwanzoni hawakumwamini. Walidhani amejitungia habari ya kuuza nyimbo. Mwili wake uliokonda ndio uliowajibu. Lutaaya alilivua pazia lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba alivunjiwa sitara. Lakini watu kama yeye ni wachache, na maadili hayawezi kumlazimisha kila mgonjwa kuwa shujaa.

Walakini yule mpingaji amepitiwa na jambo moja. Amechanganya sitara na kificho, na hivi viwili havifanani ila kwa mbali. Sitara humfunika mtu ili heshima yake isipungue. Kificho huufunika ukweli ili mwenye kuficha asisumbuliwe. Mwenye kusitiri hujua, hugusa, kisha hunyamaza. Mwenye kuficha hataki kujua wala kugusa. Mwosha wa methali hakai mbali na maiti. Humshika mwilini, humgeuza, humwosha kucha na nywele. Haki yake ya kunyamaza ameilipia kwa mikono yake.

Na hapo ndipo habari za ukimwi zinapotia uchungu. Katika miaka ya kwanza ya maradhi hayo palikuwa na nyumba za mazishi nchini Marekani zilizokataa kupokea maiti wa ukimwi, na palikuwa na wauguzi walioacha sinia ya chakula mlangoni mwa chumba cha mgonjwa wasiingie ndani. Wengi wa waliokufa San Francisco walikuwa wanaume waliopendana na wanaume; baadhi yao walikuwa wamekwisha kukanwa na jamaa zao kabla ya maradhi, na walikanwa mara ya pili baada ya mauti. Wakuu wa nchi nao walichelewa. Rais Ronald Reagan hakutoa hotuba kamili juu ya janga hilo mpaka mwaka 1987, wakati Wamarekani zaidi ya 20,000 walikuwa wamekwisha kufa. Je, kimya hicho chote kiitwe sitara? Maiti aliyekosa mwosha hana wa kumtunzia siri. Aibu yake imehama. Imemwacha yeye imewashika waliomkimbia.

Afrika ya Mashariki haikukosa fungu lake. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuguswa. Lugha ya Kiswahili ilipata neno upesi, kwa kuunganisha silabi za maneno upungufu wa kinga mwilini. Lakini kinywa kilikuwa kizito kulitamka. Huko Kagera watu waliuita ugonjwa kwa jina la nguo iliyopendwa wakati ule, Juliana. Mitaani ilisemwa kwamba fulani amekanyaga miwaya. Katika matangazo ya vifo iliandikwa kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na kila msikilizaji alielewa, na kila mmoja alijifanya hakuelewa. Mafumbo ni pambo la lugha, tena ni kinga ya adabu. Lakini fumbo linalojulikana na wote halisitiri kitu. Linawafundisha watu kunong'ona tu. Mnong'ono huo haukumdhuru marehemu, ambaye alikuwa amepumzika. Ulimwangukia mjane aliyenyimwa maji ya kisima, na yatima ambaye wenzake walikatazwa kula naye sahani moja. Tena ulimwua na jirani, kwa kuwa mtu ambaye haambiwi kilichomwua ndugu yake hana sababu ya kujihadhari. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Ukimwi ulionyesha kwamba kifo hicho huweza kumwumbua hata asiyeficha.

Basi pande mbili zimesimama, na kila mmoja una haki yake. Upande wa kwanza unadai heshima ya marehemu. Upande wa pili unadai ukweli kwa ajili ya walio hai. Kumpendelea mmoja kwa kumwangamiza mwingine ni rahisi, lakini si hekima. Yapasa kutafuta kama ipo njia ya kumtaja mtu bila ya kumwumbua.

Hapa Duara la Marafiki lina somo la kutoa, na huenda somo hilo ni kubwa kuliko walivyokusudia waanzilishi wake. Majina yaliyochongwa katika duara si ya wafu peke yao. Yamo majina ya waliokufa, yamo ya waliowapenda, na yamo ya waliotoa mali kwa ajili ya bustani. Yote yamo katika duara moja, juu ya mawe ya namna moja. Mgeni anayepita akisoma huona jina baada ya jina, na jiwe halimwambii ni yupi aliyeugua na ni yupi aliyemwuguza. Akitaka kumpata mwenye aibu, hampati. Akitaka kupata pendo, analiona kila upande. Marehemu ametajwa, naye yumo katikati ya watu kama alivyosimama katikati yao alipokuwa hai. Waliokuwa wazima wamekubali majina yao yasomwe pamoja na ya wagonjwa, hata asiyewajua awadhanie kuwa nao waliugua. Hii ni kazi ya mwosha iliyofanywa kwa patasi. Wamesogea karibu, wamegusa, na kwa kugusa kwao wamesitiri.

Mji huo huo ulizaa ukumbusho mwingine wa namna hii. Mwaka 1987 lilianza shauri la kushona mfarishi mkubwa kwa ajili ya waliokufa. Kila marehemu hushonewa kipande chenye urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, yaani kipimo cha kaburi. Tarehe 11 Oktoba, mwaka huo, vipande 1,920 vilitandazwa Washington, mji mkuu wa Marekani. Leo mfarishi una majina zaidi ya 100,000, nao umewekwa chini ya uangalizi wa shirika lile lile linaloitunza bustani. Baadhi ya vipande vina jina la kwanza tu, au havina jina kabisa, kwa kuwa walioshona walihofu kuwafedhehesha jamaa. Mtu aliyeshona kipande kisicho na jina alilikata pendo lake kwa kipimo cha kaburi, akalitia sindano usiku kucha, kisha akamwachia mpenzi wake pazia. Ni nani atakayesema kwamba huyo aliaibika? Yeye aliweza kukumbuka na kusitiri kwa uzi mmoja.

Lakini yasisemwe ya sifa peke yake. Bustani ina hatari zake, na hatari ya kwanza ni uzuri. Maua husahaulisha. Mtoto anayekimbia chini ya miti mirefu ya redwood, na wachumba wanaofungia ndoa yao mahali hapo, wanaweza kuondoka wasijue kwamba walikanyaga huzuni. Waliopata fadhaa kwa sababu hiyo walikuwapo. Mwaka 2005 yalifanywa mashindano ya kuchora ukumbusho mpya wa kutiwa katika bustani, na mchoro ulioshinda uliiga msitu ulioteketea kwa moto, wenye vigogo vyeusi na chipukizi vinavyoanza kutoka. Walioutaka walisema kwamba janga lazima lionekane kuwa janga. Walioukataa walisema kwamba wao walikwisha kuuona moto kwa macho yao, na kwamba walipanda bustani ili wapate mahali ambapo hapakuungua. Mchoro huo haukujengwa.

Ni vigumu kuhukumu baina yao, kwa sababu kila kundi lilikuwa likimjibu mtu mwingine. Mfiwa huhitaji kivuli. Asiyejua huhitaji kuonyeshwa jivu. Kumwonyesha jivu mtu aliyetoka motoni ni ukatili, na kumwonyesha maua peke yake mtu asiyewahi kuuona moto ni udanganyifu. Labda jawabu ni kwamba bustani haiwezi kufundisha kwa niaba ya watu. Mti hausemi, huhitaji mzee wa kukaa chini yake akasimulia. Mzee huyo akifa bila ya kusimulia, ukumbusho hugeuka matembezi.

Hatari ya pili ni kwamba si kila marehemu ana mtu wa kumchongea jina. Maskini, mzururaji na mfungwa walikufa kama wengine, na jiwe huwataja waliobahatika kupendwa na wenye uwezo wa kutoa. Hili ni kosa la mawe yote duniani. Lakini hapo jembe hushinda patasi. Tangu mwanzo watu wa kujitolea wamekuwa wakikutana katika bonde kwa siku maalumu, wakapalilia na kupanda. Palizi haichagui, anayeng'oa gugu haliulizi limeota juu ya jina la nani. Jiwe likishachongwa kazi yake imekwisha, lakini bustani isipotazamwa msimu mmoja hurudi kuwa kichaka kama ilivyokuwa mwaka 1991. Ukumbusho wa jiwe ni deni lililolipwa mara moja. Ukumbusho wa bustani ni deni lisilokwisha, na kwa hiyo unafanana zaidi na pendo.

Mkoani Kagera, ambako Tanzania iliupokea msiba huu kwanza, watu wengi hawana haja ya kwenda mbali kulijua jambo hilo. Kwa desturi Wahaya huwazika jamaa zao katika kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Katika miaka ile ya taabu vibanja vilipokea makaburi mengi kwa muda mfupi, na nyumba nyingine zilibakiwa na bibi na wajukuu. Bibi yule aliyekata majani makavu ya mgomba na kuyatandaza karibu na kaburi la mwanawe alikuwa akitunza bustani ya ukumbusho, ingawa hakuna sheria iliyopitishwa wala jiwe lililochongwa. Jina la mwanawe lilikuwa kinywani mwake. Kama alilitaja au alilinyamazia mbele ya wageni, alikuwa na haki ya yote mawili, maana yeye ndiye aliyemwosha alipokuwa mtoto na ndiye aliyemfuta jasho alipokuwa akifa.

Dawa zilizobadili hali ya ugonjwa nchini Marekani mwaka 1996 zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, na mtu azitumiaye vizuri huweza leo kuishi mpaka uzeeni. Kwa hiyo wasomaji wengi wa leo hawakuuona moto. Wamerithi bustani, wengine wamerithi kibanja, na wengine wamerithi tangazo la kifo lililosema kwamba babu yao aliugua kwa muda mrefu. Watakapotaka kujua zaidi, swali litawarudia: waseme au wanyamaze? Kipimo cha kufaa kipo katika methali ile ile ya kale. Anayetaka kusema na ajiulize kama amekwisha kumkaribia marehemu kiasi cha kumgusa. Kama bado, maneno yake ni upekuzi. Na anayetaka kunyamaza na ajiulize vile vile. Kama kimya chake hakikutanguliwa na kugusa, hicho ni kificho, wala hakistahili jina tukufu la sitara.

Wahenga hawakuiacha methali ya mwosha peke yake. Waliipa ndugu, wakasema kwamba mwosha huoshwa. Kila anayesimama leo juu ya duara la mawe akisoma majina, na kila anayepita katika migomba akilikwepa tuta, ataingia siku moja nyuma ya pazia, na hatakuwa na mkono wa kuvuta nguo. Heshima atakayoipata siku hiyo itategemea desturi ambayo yeye na wenzake waliijenga walipokuwa wazima.